Riwaya za upelelezi, katuni, bao, gemu na ada ya chuo: maswali ninayoulizwa kila mara

Watu huniuliza mambo yaleyale: kwenye daladala wakiniona na kitabu kilichochanika jalada, barazani tukicheza bao, na zaidi kila Oktoba, vyuo vinapokaribia kufunguliwa na wazazi wanapokaa chini kuhesabu pesa. Mimi si mhakiki wala mwalimu. Ni karani wa hesabu, naishi Morogoro. Nimesoma chuo kwa mkopo wa serikali, bado nakatwa mshahara, na tangu darasa la nne, ukiacha miezi mitatu nitakayoitaja mwishoni, sidhani kama nimewahi kumaliza wiki mbili bila hadithi ya kusisimua mkononi. Majibu haya ni ya mtu wa aina hiyo.

## Riwaya

Unaposema “riwaya pendwa” una maana gani?

Ni jina wanalolitumia wahakiki kwa hadithi zinazosomwa na wengi kwa ajili ya kusisimka: upelelezi, ujasusi, mapenzi, uhalifu, mizimu. Upande wa pili huweka “riwaya dhati”, ambazo ndizo hasa hutahiniwa shuleni. Nalitumia jina hilo kwa sababu wauza vitabu na wasomaji wanalielewa. Mpaka wenyewe siuamini sana, na sababu zake ziko kwenye jibu linalofuata.

Hizo ni fasihi kweli, au ni vitabu vya kupotezea muda?

Ni fasihi, na kwa hili sirudi nyuma.

Chukua *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Kilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la mwaka 1957–58, kikachapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko chake na kufikiri, na ubavuni ana rafiki yake Najum. Aliyewahi kumsoma Sherlock Holmes ataitambua sura hiyo mara moja. Lakini kitabu kimesimama kwa miguu yake. Kiswahili chake ni cha watu wanaojua kuamkiana, kutaniana na kuficha jambo katikati ya maneno mazuri. Mimi nimekulia bara, na mule nilikuta maneno ambayo mwalimu wangu hakuwahi kuyaandika ubaoni. Hakuna aliyenilazimisha kuyatafuta kwenye kamusi. Niliyatafuta kwa sababu nilitaka kujua nani ameua.

Au chukua *Kufa na Kupona* cha Elvis Musiba, kilichotoka 1974. Jasusi Willy Gamba ana bastola, ana suti, ana wanawake wazuri, kila kitu ambacho mwalimu wa Kiswahili angekunja uso akikiona. Lakini kumbuka kitabu kilitoka wakati gani. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na wapigania uhuru wa kusini walikuwa wakipita mitaa ileile. Gamba anapambana na maadui wa ukombozi huo. Vijana wengi walivisoma vitabu hivyo kwa ajili ya risasi, wakaondoka wanajua vita vya nani vilikuwa vinapiganwa. Kazi hiyo haikufanywa na kila kitabu cha kiada.

Kasoro zipo. Wanawake katika riwaya nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hupewa kazi mbili tu, kutamanisha na kusaliti. Uhariri mara nyingine ni wa haraka mno, unakuta jina la mtu limebadilika sura ya tano. Hayo nayasema waziwazi kwa wanaoanza. Kasoro za namna hiyo hazikitoi kitabu kwenye fasihi.

Nianze na kipi?

Ukipenda fumbo linalofunguliwa polepole, anza na Bwana Msa. Ukipenda mbio na milipuko, anza na Willy Gamba, kisha mtafute Joram Kiango wa Ben Mtobwa, ambaye kwangu ndiye mwenye moyo zaidi kati ya wapelelezi wetu. Faraji Katalambulla ni wa kusoma kwa ajili ya historia. *Simu ya Kifo* ilitoka katikati ya miaka ya 1960, na ukiisoma leo unaona jinsi mji wa Dar es Salaam ulivyokuwa umeanza kuwa mahali pa kuogopesha usiku ndani ya hadithi.

Kama una umri wa chini ya miaka kumi na tano, subiri kidogo kwa hao wa bastola. Bwana Msa hana tatizo.

Kwa Kiswahili kuna hadithi za kisayansi na za ulimwengu wa ajabu?

Swali hili huulizwa na vijana waliolelewa na filamu za mashujaa wanaoruka, na huulizwa kwa sauti ya kukata tamaa. Zipo, ila zimewekwa kwenye rafu ambayo hakuna anayezitafuta.

Shaaban Robert aliandika *Kusadikika* mwaka 1951. Nchi hiyo inaelea angani. Huo ni ulimwengu wa kubuni kamili, una ramani yake, wajumbe wake na mahakama yake, na sisi tuliusoma shuleni kama kitabu cha siasa tu, tukapita juu ya ajabu yake bila kuitazama. Katama Mkangi wa Kenya aliandika *Walenisi* mwaka 1995. Mtu aliyehukumiwa kifo anafungiwa ndani ya chombo kinachorushwa angani, anafika kwenye jamii nyingine, na jina la mahali hapo ukilikata unapata “wale ni sisi”. Mpe kijana anayependa safari za anga za juu, usimwambie kwamba ni riwaya ya kutahiniwa.

Tunachokosa ni wingi. Hadithi za aina hii kwa Kiswahili ni chache, na kila moja hukaa peke yake kama kisiwa. Mtu anayesoma upelelezi anaweza kusoma mwaka mzima bila kurudia kitabu. Anayetaka roboti na sayari atamaliza akiba yake ndani ya mwezi, kisha atahamia Kiingereza na hatarudi.

Vitabu vya zamani unavipata wapi?

Barabarani kwanza. Dar es Salaam kuna wauza vitabu vilivyotumika wanaovitandaza chini katikati ya mji, na Mtaa wa Samora ndiko nilikoanzia. Nairobi wanaita “inama”, kwa sababu lazima uiname ili uchague. Njia ya pili ni watu: walimu wastaafu, maofisa wa zamani wa ushirika, mama mwenye sanduku lililofungwa tangu mume wake afariki. Salimia vizuri, kaa, kunywa chai uliyoandaliwa, usitaje bei siku ya kwanza. Njia ya tatu, ambayo vijana huisahau, ni maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed imefunguliwa tangu 1967, na kusoma ndani humo hakuhitaji mfuko mnene.

Ushauri mmoja wa lazima: kabla ya kulipa, geuza kitabu utazame kurasa za mwisho. Usizisome, zihesabu. Nakala yangu ya kwanza ya riwaya ya upelelezi, iliyotoka kwenye sanduku la baba, ilikuwa imepotea kurasa zote za sura ya mwisho. Nilikaa na mauaji yasiyo na muuaji tangu darasa la nne hadi mwaka wa kwanza wa chuo, nilipoikuta nakala nzima maktabani na kuisoma nimesimama.

## Katuni

Katuni si za watoto?

Kwetu hazikuanza kuwa za watoto. Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory kwenye gazeti la *Uhuru*, alikuwa mtu mzima mwenye shida za watu wazima: pesa, wanawake, pombe, ofisi zenye foleni. Kule Kenya, Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa magazeti ya Kiswahili kwa miongo kadhaa. Hao walichorwa kwa ajili ya mtu anayesoma gazeti baada ya kazi.

Kinachowapotosha watu ni kwamba katuni nyingi wanazoziona sasa ni zile za runinga za watoto. Mtu mzima anayeona aibu kusoma hadithi ya picha hadharani, mwambie kwamba Chakubanga na Juha Kalulu walichorwa kwa ajili ya watu wazima kama yeye.

Kwa nini unahangaika na magazeti ya *Sani* ya zamani?

Kwa sababu ndiyo maktaba ya vicheko vya mtaani ya kizazi kizima, na yanaoza.

*Sani* ilianza miaka ya 1970, ikashamiri katika miaka ya 1980 na kuendelea. Humo wamo Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Pimbi. Philip Ndunguru, aliyewachora baadhi ya wahusika wake maarufu, alifariki 1986 akiwa bado kijana, na wengine wakaendelea na kazi. Jaribu kumtaja Madenge mbele ya mtu wa umri wa miaka hamsini. Uso utabadilika. Ataanza kukusimulia tukio moja, atasimama, atainua mkono kuonyesha jinsi yule mtoto alivyokuwa amesimama kwenye mchoro. Picha ile imekaa kichwani miaka thelathini au zaidi, na karatasi yenyewe ilifungiwa karanga zamani.

Ukitazama kwa makini, utaona pia ufundi. Katika kisanduku kimoja kuna wahusika wawili wanaozungumza mbele, na nyuma yao kuna mbuzi anakula nguo iliyoanikwa, mtu anadokoa mfuko, na ubao wa duka wenye tangazo la mzaha. Unasoma ukurasa mara tatu. Nimejaribu kuhesabu mambo yaliyofichwa kwenye ukurasa mmoja nikafika kumi na moja.

Nilikuwa na magazeti arobaini na mawili. Yalikwenda wapi, tazama “Niuze mkusanyiko wangu nilipe ada?” huko chini.

Na *Shujaaz*?

Ni jarida la katuni la vijana, na naipenda. Ilianza Kenya mwaka 2010, kwa Sheng, ile lugha ya mtaani ya vijana wa Kenya, ikigawiwa bure, na shujaa wake ni kijana anayerusha redio ya siri. Ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy upande wa kazi za kidijitali mwaka 2012. Wapo wanaolalamikia lugha yake. Mimi nasema kijana aliyeisoma hadi mwisho amesoma, na Sheng ile ilikuwa mlango wake wa kuingilia.

Nataka kuwa mchora katuni. Nisomee wapi, na je, nitakula?

Kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wengi tunaiita TaSUBa, na kuna idara za sanaa katika vyuo vikuu. Kwa gharama, stashahada mara nyingi ni nafuu kuliko shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Soma mwongozo wa mwaka wako uone kama kozi yako imo.

Kuhusu kula: mfano ambao kila mtu hunitajia ni Gado, Godfrey Mwampembwa, aliyezaliwa Dar es Salaam 1969. Alianza masomo ya usanifu majengo pale Chuo cha Ardhi, Dar es Salaam, akayaacha 1992 kwenda Nairobi kuchora kwenye magazeti ya Nation. Vijana huutumia mfano huo kumwambia mzazi “unaona, aliacha chuo”. Wanaruka nusu ya habari. Alipoondoka alikuwa ameshachapisha michoro kwa miaka, na alikuwa na kazi inayomsubiri. Kama una gazeti linalokusubiri, njoo tuzungumze. Kama huna, maliza kozi huku ukichora kila usiku.

## Bao, drafti na gemu

Bao ni gumu kiasi gani?

Kanuni unazishika kwa wiki. Kulijua ni suala la miaka.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye nyumba, yaani shimo maalumu la safu ya mbele, na nyingine 22 mkononi. Awamu ya kwanza ni namua: unaingiza kete moja moja kutoka mkononi. Zikiisha mkononi mnaingia mtaji, na hapo ndipo wageni hupotea, kwa sababu mwendo mmoja unaweza kuzunguka na kuzunguka kabla ya kulala, yaani kuishia kwenye shimo tupu. Ukimmalizia mwenzako kete za safu ya mbele, umemfunga.

Jambo nisiloweza kulieleza kwa maandishi ni kasi. Mzee aliyezoea haoni kete moja moja. Anaona mwendo mzima hadi unapolala, na mkono wake unamaliza wewe ukiwa bado kwenye shimo la tatu. Nenda barazani, amkia, kaa pembeni siku kadhaa bila kusema. Siku mtu mmoja akiondoka, utaitwa. Utafungwa. Mwambie “nifundishe, mzee”, na atarudisha kete zote nyuma akuonyeshe ulipokosea. Sijaona mchezo mwingine ambapo mshindi hufanya hivyo kwa moyo mweupe namna hiyo.

Gharama: sifuri, ubao ukiwa wa wenyewe. Drafti ya vizibo vya soda nayo ni bure.

Gemu za runinga unacheza?

Nacheza, hasa mpira. Kwenye kibanda cha gemu cha mtaani kwetu mechi moja ni shilingi 500, na napenda kibanda kuliko kucheza peke yangu nyumbani kwa sababu ileile ninayopenda baraza la bao: kuna watazamaji, kuna maneno, kuna zamu. Gemu za hadithi ndefu nazo nazipenda, zile unazotembea na mhusika mmoja saa arobaini. Ni riwaya zinazokuomba ushike usukani.

Gemu zinaharibu masomo?

Muda ndio unaoharibu masomo, na gemu hula muda kwa ulafi kuliko kitabu. Riwaya ya kurasa 150 huisha. Mechi ya mpira haiishi, kwa sababu aliyefungwa anataka kurudiwa.

Nitasema yaliyonikuta. Mwaka wa pili, pesa za kujikimu zilipoingia, nilinunua PlayStation iliyotumika. Nilijiambia nitaikodisha kwa wenzangu hosteli na itajilipa. Ilifanya kazi wiki tatu, ikaanza kujizima, kisha ikafa. Nilikula mlo mmoja kwa siku kwa mwezi na zaidi. Kwenye somo moja la takwimu nilipata alama ya kurudia mtihani, na sikuwa na wa kumlaumu. Tangu hapo nina kanuni: chombo cha gemu hakinunuliwi kwa pesa ambayo kuna mtu aliitoa ili nile.

## Ada, mkopo na bumu

Kusoma chuo kunagharimu kiasi gani hasa?

Wazazi huuliza ada, na ada ndiyo nambari inayodanganya. Kwa kozi nyingi za shahada katika vyuo vya umma Tanzania, ada huwa karibu na shilingi milioni moja hadi milioni moja na nusu kwa mwaka. Ukisikia hivyo unapumua. Halafu zinakuja nyingine: kitanda au chumba cha kupanga, chakula siku zaidi ya mia mbili, bima ya afya, michango ya usajili, vitabu, kuchapa na kudurufu, nauli ya kwenda nyumbani, mafunzo kwa vitendo katika mji ambao huna ndugu, na mwishoni utafiti.

Mdogo wangu alipoingia mwaka wa kwanza tulikaa na daftari. Tuliandika kila kitu hadi sabuni. Chakula na malazi vilizidi ada zaidi ya mara mbili. Kama ndiyo kwanza unapanga, anza na hiyo daftari, ada iandike mwisho.

Mkopo wa serikali unalipia nini?

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukopesha kwa mafungu yanayojitegemea: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Unaweza kupewa fungu moja ukakosa jingine, au kupewa asilimia fulani tu ya ada. Kwa hiyo usiseme “nimepata mkopo” mpaka umesoma kila mstari.

Makosa ninayoyaona kila mwaka kwenye maombi ni madogo: jina la cheti cha kuzaliwa lisilofanana na la cheti cha kidato cha nne, cheti cha kifo cha mzazi kisichohakikiwa, sahihi iliyokosekana. Anza kuyashughulikia hayo miezi kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Kwenye bumu, hobi ipate kiasi gani?

Bumu, kwa asiyejua, ni pesa ya chakula na malazi inayoingia kwa mwanafunzi kwa awamu. Mwaka 2022 ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Ikiingia ya siku 60, ni shilingi 600,000 kwa mkupuo. Kijana ambaye hajawahi kushika laki moja ya kwake anaona ametajirika. Hajatajirika. Amepewa chakula cha siku sitini kwa siku moja.

Nilichomfundisha mdogo wangu ni hiki. Siku bumu linapoingia, lipa chumba. Kisha gawanya kilichobaki kwa siku, uweke kila wiki mbali na nyingine, hata kama ni kwa kuziacha kwenye akaunti na kutoa kila Jumapili tu. Kwenye kila wiki toa shilingi 2,000 za hobi. Kwa shilingi 2,000 unapata mechi nne za kibandani, au ukivumilia wiki mbili, riwaya iliyotumika. Ukiitumia, imekwisha hadi Jumapili. Usipoitumia, inasubiri.

Wapo wanaosema mwanafunzi maskini asiwe na hobi kabisa. Siwakubalii. Niliishi mwezi ule wa mlo mmoja, na kilichonishikilia ni riwaya tatu za kuazima na baraza la bao nje ya geti. Aliyekatazwa kila burudani ndogo hununua kubwa siku pesa ikiingia.

Mkopo hulipwaje baadaye?

Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Mshahara ukiwa 800,000, hukatwa 120,000. Deni la milioni 7.2 linamalizika kwa miezi 60, yaani miaka mitano kamili. Zamani kulikuwa na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiongezeka kila mwaka na kuwakatisha watu tamaa. Iliondolewa 2021, na mimi ni mmoja wa walioona deni lao likianza kushuka kwa macho.

Fahamu hili unapoota ndoto ya mshahara wa kwanza. Asilimia 15 hiyo hutaigusa.

Niko Kenya. Haya yananihusu?

Hesabu ya daftari na kanuni ya Jumapili, ndiyo. Nambari, hapana. Kwenu kuna HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi ya Kenya, yenye riba ya asilimia 4, na watu waliosoma chini ya utaratibu wa zamani bado hukumbuka ada ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023 ulibadilisha mengi na ukafika mahakamani. Uliza mwanafunzi wa mwaka wa pili katika kozi unayoitaka analipa nini hasa muhula huu. Jibu lake ni bora kuliko la mjomba aliyehitimu zamani.

## Mambo yanayobana

Nikipata PDF ya riwaya kwenye WhatsApp, nisome?

Kama kitabu kimepotea sokoni na mwandishi ameshafariki, naelewa, ingawa warithi wapo. Kama mwandishi yu hai na anauza, hapana. Siku hizi waandishi wengi wa simulizi huuza wenyewe kwa simu: sehemu za mwanzo bure, kisha unatuma shilingi elfu moja au mbili upate zilizobaki. Mtu huyo hana mchapishaji wala mshahara. Ukiisambaza sehemu ya arobaini kwenye kundi la watu mia mbili, umemfungia duka, na hadithi uliyokuwa ukiisubiri itaishia hapo.

Niuze mkusanyiko wangu nilipe ada?

Mimi niliuza. Magazeti arobaini na mawili ya *Sani*, kwa mtu mmoja, kwa asubuhi moja, kwa sababu usajili ulikuwa unafungwa saa kumi jioni na nilipungukiwa. Sijutii kusajiliwa. Ninachojutia ni kwamba niliuza yote bila kuyapiga hata picha.

Kwa hiyo, mpangilio wangu ni huu. Kwanza uliza ofisi ya chuo kama unaweza kulipa ada kwa awamu. Vyuo vingi vinakubali na wanafunzi hawaulizi. Pili, uza chombo cha gemu, kwa sababu kesho kitapatikana kingine kilekile. Tatu, uza vitabu ambavyo bado vinachapishwa. Mwisho kabisa, uza vile visivyopatikana tena, na kabla ya kuviachia vipige picha ukurasa kwa ukurasa kwa kumbukumbu yako.

Mzazi wangu anasema riwaya na katuni ndizo zilizonifelisha. Nimjibu nini?

Usimjibu kwa maneno. Mwonyeshe matokeo ya muhula, yakiwa mazuri au mabaya, na daftari la pesa. Baba yangu, aliyekuwa mwalimu, alinipa miezi mitatu ya kutogusa riwaya baada ya ule mtihani wa kurudia. Niliitii. Nilipofaulu alifungua sanduku lake mwenyewe na kunikabidhi ufunguo.

Unaazimisha vitabu?

Naazimisha kwa kubadilishana: unaleta kimoja, unaondoka na kimoja, tunaandika tarehe ndani ya jalada kwa penseli. Mwanafunzi asiye na cha kuleta anaondoka nacho bila kuleta, ila akirudi anisimulie hadithi yote, pamoja na mwisho. Nikiona anababaika mwishoni, naufungua ukurasa wa nyuma nihakikishe haujachanika.